Steki imerudishwa jikoni: dalili, sababu na namna ya kurekebisha

Hapa Goma, mashariki mwa Kongo, hatugombani sana kwa sababu ya mbuzi. Brosheti (mishikaki) inaiva, inaliwa na pilipili na makemba (ndizi za kupika), basi. Maneno yanaanza mtu akiagiza steki ya ng'ombe. Mmoja anataka ndani ibaki nyekundu, jirani yake akiona maji mekundu yanatambaa kuelekea viazi anaisukuma sahani, na mpishi aliye nyuma na mbabula yake, jiko la makaa tunayoyaita makala, anaitwa mara mbili kwa nyama moja.

Napika nyama mjini hapa, na malalamiko yanayorudi jikoni ni yale yale, yawe ya nganda (baa) ya mtaa wa Birere au ya meza ya nyumbani mtaa wa Himbi. Nimeyapanga kwa dalili. Tafuta inayofanana na yako, anza na sababu ya kwanza maana ndiyo inayotokea zaidi, kisha shuka. Mwishoni nimeweka mambo ambayo mpishi hawezi kuyatatua. Hayo usiyaruke.

Jambo moja niliseme mapema. Anayependa nyama iliyoiva kabisa si mshamba, na anayeipenda nyekundu si mla nyama mbichi. Kinachowaharibia chakula wote wawili ni kukatiwa kipande cha aina moja. Kiwango cha kuiva kinaanza buchani, kwa kipande unachochagua na kwa siku ambayo ng'ombe alichinjwa. Moto unamalizia tu.

Vipimo vya kuanzia

Digrii hizi ni za Selsiasi. Zinapimwa katikati kabisa ya kipande, kwa kipimajoto cha sindano, nyama ikiwa imeshapumzika.

- Saignant: 50 hadi 54. Ndani nyekundu, vuguvugu.
- À point kama Wafaransa wanavyoielewa: 55 hadi 58. Katikati nyekundu inayoelekea waridi.
- Ya waridi: 60 hadi 64. Imeshika, bado ina maji.
- Bien cuit: 70 hadi 74. Hakuna waridi tena.

Idara ya Kilimo ya Marekani inashauri kipande kizima cha ng'ombe kifike digrii 63 na kipumzike dakika 3, na nyama ya kusaga ifike 71. Kwa hiyo viwango viwili vya kwanza, na cha tatu kikiwa hakijafika 63, viko chini ya ushauri huo, na mtu mzima mwenye afya anayevichagua achague akijua. Watoto wadogo, mama mjamzito, wazee wenye nguvu kidogo na mtu yeyote mwenye kinga dhaifu: bien cuit, bila majadiliano.

Huna kipimajoto? Chanja kidogo katikati kwa ncha ya kisu uangalie. Wapishi wengi wanabonyeza kwa kidole, nami nabonyeza, lakini kidole kinamsaidia aliyebonyeza nyama nyingi za unene uleule. Anayeanza kitamdanganya.

Dalili ya 1: «Niliomba à point, sikuomba hii»

*Hamkuelewana kwenye agizo.* Hii inazidi sababu nyingine zote. À point ya Mfaransa ni nyekundu katikati. Wateja wetu wengi wanaposema à point wanawaza nyama iliyoiva, yenye waridi kidogo tu, na wengine wanalitaja neno hilo kwa sababu liko katikati ya menyu na linaonekana salama. Dawa haina gharama: usiulize jina, uliza rangi. «Mama, ndani unapenda iwe nyekundu, ya waridi, au ya kahawia kabisa?» Mhudumu aandike rangi kwenye karatasi ya agizo. Jikoni kwangu ugomvi wa aina hii ulipungua sana tulipoanza kuandika rangi.

*Nyama iliendelea kuiva nje ya moto.* Joto la pembeni linaingia ndani hata baada ya kuitoa, na katikati panapanda digrii 3 hadi 5. Kipande kikiwa kinene na moto ulikuwa mkali, panapanda zaidi. Unayetaka 57, toa kwenye 53.

*Ilisubiri viazi.* Steki imekwisha, viazi bado viko kwenye mafuta, basi sahani inawekwa juu ya kifuniko cha sufuria inayochemka «isipoe». Dakika kumi za kukaa pale zinatosha kuibadilisha kutoka nyekundu hadi kahawia. Viazi vitangulie, nyama ifuate.

*Kipande ni chembamba mno.* Chini ya sentimita moja na nusu, nje ikishapata rangi ndani imeshapita. Aliyeomba nyekundu akatiwe sentimita mbili na nusu au tatu. Ukiwa na kipande chembamba tu, mwambie ukweli kabla hujawasha.

Iliyopita haigeuki kuwa nyekundu. Mpe anayeitaka hivyo, uanze nyingine.

Dalili ya 2: «Hii nyama ina damu»

Yale maji si damu. Damu ilitoka kwenye machinjio. Hayo ni maji ya msuli yenye protini iitwayo miyoglobini, ambayo ni nyekundu ikiwa mbichi na inageuka kahawia kadiri joto linavyopanda kutoka digrii 60 kwenda juu. Elimu hii ni nzuri, ila usiitumie kumshinda mgeni mezani. Mtu ambaye kwao nyama nyekundu ndani ni nyama isiyopikwa hatakula kwa sababu umemtajia protini.

Kuna mzee mmoja niliyempikia kwenye karamu ya mahari. Alikata pembe za steki moja baada ya nyingine, akala zote za kahawia, akaacha pale palipo pekundu. Kisha akaniita taratibu: «Mwanangu, hapa katikati moto haukufika.» Nikamjibu: «Ndiyo, papa, naurudisha.» Hakukuwa na zaidi ya hapo la kusema. Kumwekea mzee nyama ambayo kwake ni mbichi mbele ya wakwe ni kumvunjia heshima, hata kama kipimajoto kinasema umepika sawasawa.

Sababu zenyewe, kwa mpangilio:

*Mlaji anapenda iliyoiva na hakuulizwa.* Rudi dalili ya kwanza.

*Nyama haikupumzika.* Ikikatwa papo hapo kutoka motoni, maji yanamwagika yote kwenye sahani na hata ya waridi inaonekana inavuja. Iache kwenye ubao dakika 5, au zaidi kidogo ikiwa nene. Futa ubao, kisha panga kwenye sahani.

*Kweli haijaiva.* Pima. Ikiwa chini ya alichoomba, irudishe, lakini usiitupe juu ya makala makali, maana nje itaungua kabla ndani hapajasogea. Ipasue katikati ya unene ifunguke, laza upande mwekundu chini kwa dakika moja au mbili pembeni mwa moto. Isirudi kwenye sahani ileile yenye maji mekundu; badilisha sahani na kisu.

Kinyume chake pia kipo: nyama imefika 72 na bado kuna mstari wa waridi karibu na ngozi ya nje. Moshi wa makala unafanya hivyo, gesi zake zinaishika miyoglobini isibadilike. Rangi peke yake si kipimo. Ndiyo maana nasisitiza sindano.

Dalili ya 3: «Imeiva nilivyotaka, lakini haitafuniki»

Hapa ndipo mji wetu una shida yake hasa.

*Ng'ombe amechinjwa leo.* Tunaamini kwamba nyama nzuri ni ya asubuhi hiyo hiyo, na kwa usalama wa mahali pasipo na friji imani hiyo ina akili kabisa. Lakini msuli wa ng'ombe unakakamaa saa chache baada ya kuchinjwa, na katika saa 24 za kwanza uko kwenye ugumu wake mkubwa. Baadaye vimeng'enya vya nyama yenyewe vinaanza kuulegeza, polepole, siku baada ya siku. Steki iliyochinjwa alfajiri na kuchomwa saa moja ya jioni inaliwa wakati mbaya kuliko wote. Mababu zetu hawakukosea walipoitia kwenye sufuria kwa saa tatu.

Kagua kwa kuuliza: «Papa, huyu kachinjwa lini?» Muuzaji atajibu kwa fahari kwamba ni wa leo. Mshukuru, nunua, lakini usiichome leo.

Dawa ya kweli ni kuipumzisha kwenye baridi. Friji iwe kati ya digrii 0 na 4, nyama iwekwe juu ya wavu au sahani pana, ifunikwe kitambaa safi kisichobana, siku 3 hadi 5. Onyo hapa ni kali: fanya hivyo tu pale umeme unapokaa. Umeme wa maji wa Virunga umebadilisha maisha ya mitaa mingi, lakini hata hivyo unakatika. Ukikatika zaidi ya saa 4 na friji ikapoteza baridi, hesabu za kulainisha zimeisha. Nyama ikiwa bado ni baridi, ipike siku hiyo, iive kabisa; ikiwa imeshapata joto, usijaribu hata hilo, itupe.

*Kipande si cha steki.* Sokoni wauzaji wengi wanakata kwa panga na kupima kilo: mnofu, mfupa na mafuta pamoja. Paja la mbele, shingo na mguu vimefanya kazi maisha yote ya ng'ombe, na vimejaa kolajeni, zile nyuzi ngumu zinazounganisha msuli, ambayo inahitaji muda mrefu kwenye joto na unyevu ili igeuke uteute. Dakika nane za makala hazitoshi. Omba mgongo: filet kwa ndani, faux-filet na entrecôte kwa nje. Kama hamwelewani kwa majina, mwonyeshe mgongoni kwa kidole pale anapotundika.

*Umekata kufuata nyuzi.* Angalia uso wa nyama, utaona mistari ya nyuzi inakoelekea. Kisu kipite kuikata, kisiende sambamba nayo. Kosa hili dogo linaifanya hata faux-filet nzuri itafunwe kwa shida, na unaweza kulirekebisha mezani: chukua steki yote, ikate vipande vyembamba kwa mshazari dhidi ya nyuzi, ipange upya kwenye sahani.

*Ng'ombe mwenyewe amekula miaka.* Ng'ombe wa vilima vya Masisi wanatembea, wanakula majani, na wengi wanakamuliwa kwanza maana jibini yetu inatoka huko. Nyama yao ina ladha ninayoipenda kuliko ya ng'ombe wa kunenepeshwa zizini, ila ina mafuta kidogo katikati ya nyuzi. Msaada wa haraka ni papai bichi: saga kidogo, paka juu, dakika 20 hadi 30, pangusa vizuri. Usilale nayo. Kimeng'enya cha papai kinakula uso wa nyama, na asubuhi utakuta uji nje na ugumu uleule ndani.

Ukishakagua yote na bado ni ngumu, badilisha chakula. Kitunguu, nyanya, sufuria. Kumbuka tuko kwenye mita 1,500 hivi, maji yetu yanachemka karibu na digrii 95, kwa hiyo mchuzi unataka muda zaidi kuliko kitabu cha pwani kinavyosema.

Dalili ya 4: «Bien cuit imekuwa kavu»

Wapishi wengine wanalitumia agizo hili kuondoa kipande kibaya walichobaki nacho, wakijisemea kwamba anayependa iliyoiva hatasikia tofauti. Linaniudhi. Huyu ndiye mteja mkubwa wa mji huu, na steki yake ndiyo ngumu kuipika vizuri kuliko zote, kwa sababu kati ya digrii 66 na 73 protini ya mwisho kubwa ya msuli, aktini, inajikunja na kukamua maji nje. Ana haki ya kipande bora na ya uangalifu zaidi.

*Alipewa filet.* Filet ni laini kwa sababu haina kazi, na kwa sababu hiyo hiyo haina mafuta. Ikipita 65 haina cha kuilinda. Filet mpe anayetaka nyekundu. Anayetaka bien cuit mpe entrecôte yenye mishipa ya mafuta ndani na ukingo wa mafuta nje. Mafuta yale yanayeyuka na mdomo unayasikia hata maji yakipungua.

*Ilivuka 75.* Wengi wakisikia «iive kabisa» wanasahau nyama motoni. Ukifika 70 umeshaiva kabisa. Kutoka hapo kila digrii inachukua maji bila kuongeza usalama wowote. Toa kwenye 68, itapanda yenyewe.

*Moto ulikuwa mmoja tu, mkali, mwanzo mpaka mwisho.* Fanya hivi: kipande cha sentimita moja na nusu hadi mbili, kikaushe, chumvi, moto mkali dakika moja na nusu kila upande mpaka rangi ikolee. Kisha sogeza upande wa mbabula usio na makala, funika na kifuniko cha sufuria, geuza kila dakika. Kwa kawaida dakika nne hadi sita zinatosha, lakini sindano ndiyo inayoamua. Pumzisha na kijiko cha siagi juu.

*Mtu aliibonyeza.* Ile sauti ya chwaa unapokandamiza kwa kijiko bapa ni maji ya mteja wako yanaangukia kwenye makala.

Imeshakauka? Kata nyembamba dhidi ya nyuzi, weka kwenye mchuzi moto wa kitunguu uliokwisha kutoka jikoni, uizungushe, upakue. Usiichemshe tena.

Dalili ya 5: Nje imeungua, ndani ni baridi

Karibu kila mara nyama ilikuwa na barafu ndani. Iyeyushwe kwenye friji tangu jana yake, isiachwe kwenye beseni juani. Baada ya hapo angalia makala: yanapotoa ndimi za moto bado, au yakiwa meusi pembeni, subiri mpaka yavae majivu meupe. Yote yasukume upande mmoja wa mbabula ili uwe na sehemu kali na sehemu pole. Mafuta yakidondoka moto ukaruka, ondoa nyama kwanza. Usimwage maji, yatapeperusha majivu mpaka kwenye sahani.

Sababu ya tatu ni viungo. Sukari, asali, nyanya ya kopo na vile vidonge vya mchuzi vinaungua kabla ya nyama kupata joto. Pakaa mwishoni. Sababu ya mwisho ni unene: kipande cha sentimita nne kianze upande wa pole, ndani kifike kama 45, ndipo ukipe moto mkali.

Dalili ya 6: Ya kijivu, haina harufu ya kuchomwa

Nyama imechemka kwenye maji yake. Rangi ya kahawia na ile harufu inayowatoa watu barabarani vinatokana na mmenyuko uliopewa jina la Mfaransa Louis-Camille Maillard, aliyeueleza mwaka 1912. Unaenda kasi uso wa nyama ukifika kama digrii 140, na uso hauwezi kufika huko maji yakiwa bado juu yake.

Kwa hiyo: futa nyama kwa kitambaa safi mpaka ikauke. Usijaze kikaango, vipande viwili vyenye nafasi ni bora kuliko vinne vinavyogusana. Chumvi weka ama mara tu kabla ya moto, ama angalau dakika 40 kabla. Katikati ya hapo inatoa maji juu ya uso na kukupa kazi. Sikiliza: nyama ikigusa kikaango inapaswa kulia kwa nguvu na kuendelea kulia. Ikinyamaza, itoe, acha kikaango kipate joto tena. Jiko la umeme likiwa limepungukiwa nguvu jioni, saa ambayo mtaa mzima unapika, hakuna ufundi utakaokusaidia, washa makala.

Utasikia kwamba kuichoma nje «kunafunga maji ndani». Wazo hilo lilienezwa na mkemia Mjerumani Justus von Liebig katika karne ya 19 na halikusimama lilipopimwa. Choma kwa ajili ya ladha.

Dalili ya 7: Meza moja, kila mtu na kiwango chake

Papa anataka iliyoiva, shemeji aliyerudi kutoka Ubelgiji anataka nyekundu, mama mwenye nyumba anataka ya waridi, watoto wanataka viazi tu. Wengi wanajaribu kupika zote katikati, na hakuna anayefurahi.

Kosa la kwanza ni kuziweka motoni pamoja. Bien cuit ianze, na ikishasogezwa upande wa pole ndipo ya waridi iingie. Ya saignant iwe ya mwisho, wakati zile mbili zinapumzika. Kosa la pili ni unene mmoja: nyembamba kwa papa, nene kwa shemeji. La tatu ni kusahau ipi ni ya nani. Weka kijiti kwenye nyekundu, na sahani ya papa iwe peke yake.

Njia ninayoipendekeza nyumbani, hasa kukiwa na wakwe, ni kipande kimoja kikubwa cha entrecôte ya kilo moja. Ncha zake zinaiva kabisa, katikati inabaki ya waridi. Ikate ubaoni mbele ya watu, ncha kwa wazee, katikati kwa wanaopenda. Hakuna anayejisikia amepikiwa tofauti.

Na mwenye nyumba asimcheke mtu. Usimwambie mgeni «wewe hujazoea», wala usimwambie shemeji «umekuwa mzungu». Ladha ya nyama mtu anaitoa kwao.

Simama hapa: usipike, ita anayehusika

*Brosheti za nyama ya kusaga, maini, na nyama iliyochomwachomwa kwa sindano au uma kuilainisha.* Hizi hazina saignant. Kwenye ya kusaga na iliyochomwachomwa, vijidudu vya nje vimeingizwa ndani. Ziive mpaka katikati, hata mteja akisisitiza.

*Vijifuko vyeupe ndani ya mnofu*, vidogo kuliko sentimita moja, vyenye maji. Hivyo vinaweza kuwa mabuu ya tegu wa ng'ombe. Usiviokote ukaendelea kupika. Irudishe nyama, mwonyeshe mkaguzi wa nyama au daktari wa mifugo. Na nyama isiyokuwa na muhuri wa ukaguzi usiiuze wala usiile nyekundu, kwa yeyote. Tegu wa aina hii anaingia mwilini kupitia nyama isiyoiva. Digrii 63 na kupumzika zinamuua.

*Nyama ya bei ya chini ya mnyama aliyekufa mwenyewe.* Hapa kiwango cha kuiva hakihusiki kabisa. Aprili 2025 viboko wapatao 50 walikufa kwa kimeta katika Hifadhi ya Virunga, na ugonjwa huo unashika ng'ombe na watu pia. Vijidudu vyake vinavumilia joto, na mtu anaweza kuambukizwa kwa kuishika tu nyama. Usichune, usikate, usiipeleke kwa jirani. Toa habari kwa huduma ya mifugo.

*Harufu ya uchungu, utelezi, rangi ya kijani.* Limau na pilipili haviondoi sumu. Tupa.

*Mbabula ndani ya chumba kilichofungwa.* Hewa ya makala inaua bila harufu. Mtu akisikia kichwa kizito, mtoe nje na muite msaada. Na kwetu kuna jambo la ziada: pikeni mahali palipoinuka. Makala yakizima yenyewe katika kishimo au bondeni, na watoto wakaanza kulegea, huenda ni mazuku, gesi nzito inayotoka ardhini. Acha nyama hapo, panda juu na watu wote, usirudi kuchukua sufuria. Kisha arifu Kituo cha Volkano cha Goma au viongozi wa mtaa.

*Chupa ya gesi inayonuka karibu na moto.* Funga, fungua madirisha, usiwashe taa, ita fundi.

*Baada ya kula:* kuhara damu, homa isiyoshuka, au mtoto anayekojoa kidogo sana siku chache baada ya kula nyama isiyoiva: kituo cha afya siku hiyo hiyo, na usimpe dawa ya kuzuia kuhara njiani. Vipande vyeupe bapa kwenye choo ni tegu. Dawa yake ipo na inaandikwa na daktari. Mweleze ulikula nini, wapi, na ilikuwa imeiva kiasi gani.